Je, wajua kwa nini mtu huandika "karamu" akikusudia kalamu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayechanganya r na l ana ulimi mzito, na hapa Kigoma nimewasahihisha wengi kwa imani hiyo. Nilikosea, na kosa lenyewe linastahili maelezo marefu kwa sababu bado linawatia wanafunzi aibu bure. Msikilize kwa makini mtu huyo anayeandika "karamu": atatamka r safi katika neno moja na l safi katika neno jingine. Ulimi wake unazimudu zote mbili, ila sikio lake halijawekewa mpaka kati ya sauti hizo.

Sauti ambayo ikibadilishwa neno hugeuka maana, wanaisimu huiita fonimu. Katika Kiswahili r na l ni fonimu mbili, ndiyo maana mahali si mahari na kula si kura. Zipo lugha za Kibantu ambamo sauti hizo ni sura mbili za fonimu moja, yaani alofoni.

Fikiria mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, mahali pa kushushia samaki, asubuhi. Ndani ya dagaa wa Ziwa Tanganyika mna samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, lakini mnunuzi hupimiwa wote kwa jina moja, na wakichanganyika hanung'uniki. Mtilie migebuka mahali pa dagaa, naye atasimamisha biashara papo hapo. Macho yake huona tofauti zote. Soko ndilo lililomfundisha ipi ya kuhesabu. Lugha hulifundisha sikio vivyo hivyo. Kwa Kiganda moto ni omuliro: baada ya e au i hutamkwa r, kwingineko l, na msemaji hachagui, kwa kuwa vokali iliyotangulia imekwisha kumchagulia.

Mafunzo hayo huanza mapema mno. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba watoto wachanga waliolelewa kwa Kiingereza hutofautisha sauti fulani za Kihindi wakiwa na miezi 6 hadi 8, na uwezo huo hufifia sana wakikaribia mwaka mmoja. Utafiti huo haukuhusu r na l za kwetu, wala si kila kosa la r lina chanzo hiki, maana watoto wengi huchelewa tu kuimudu sauti hiyo.

Lililonibadilisha mimi ni neno paa. Katika Kimvita cha Mombasa, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo wa nguvu, na tofauti hiyo ni ya kifonimu kabisa. Msemaji mmoja wa lahaja hiyo alinitamkia yote mawili mara tatu, nami nikasikia neno moja. Ndipo aliposhika kipande cha karatasi mbele ya midomo yake: kwa paa la nyumba kilitulia, kwa paa mnyama kikapepea, na sikio langu bado likasikia neno lile lile.