Je, wajua kwa nini mwanafunzi huangalia chini mwalimu anapomuuliza swali?

Mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya amefika shule moja ya Arusha. Anauliza swali, anamchagua msichana wa dawati la pili. Msichana anasimama, anaangalia viatu vyake, ananong'ona kitu kisichosikika. Mgeni anajiambia: huyu hajasoma, au kuna jambo analificha.

Kwao mgeni, anayekutazama machoni ndiye anayekusikiliza. Huku kwetu, mama akikugombeza nawe ukamkazia macho, makosa yamekuwa mawili. Kwa mtoto wa Kimasai aliyekulia Monduli au Longido jambo hili lina uzito zaidi: mtoto humwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini kwa kiganja. Kichwa kilichoinama ndiyo salamu yenyewe. Sasa mtoto huyo aambiwe na mwalimu, "Niangalie!"

Lakini tusikimbilie kusema watoto wetu ni wapole kwa asili. Msichana yuleyule Jumamosi yuko soko la Kilombero anamsaidia mama yake kuuza nyanya, na hakuna mteja anayemshinda kwa maneno. Usiku akisikia "Kitendawili!" anapaza sauti "Tega!" kabla ya kaka zake, anakosea, anacheka, anajaribu tena. Ulimi anao. Kinachobadilika ni anazungumza na nani, na nani anamtazama akikosea.

Mtafiti Mmarekani Susan Philips aliliona hilo mbali sana na hapa, kwa watoto wa Wahindi Wekundu wa Warm Springs, jimbo la Oregon. Katika maandishi yake ya mwaka 1972 alieleza kuwa watoto hao walinyamaza walipotakiwa kujibu mmoja mmoja mbele ya darasa, ila walipofanya kazi kwa vikundi walizungumza vizuri tu.

Kwetu darasa lina njia yake ya kumficha mtu mmoja ndani ya wengi. Mwalimu anasema, "Popo ni mnya...?" na watoto hamsini wanamalizia, "...ma!" Hapo hakuna anayeaibika. Hakuna anayejulikana kama ameelewa pia, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kuna na lugha, ambayo watu wengi huipachika jina la utamaduni. Katika shule nyingi za msingi za serikali, mtoto husoma kwa Kiswahili hadi darasa la mwisho. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Aliyeanza na Kimaa nyumbani sasa yuko kwenye lugha ya tatu. Akinyamaza, huenda jibu la baiolojia analijua vizuri sana, ila anatafuta kitenzi, huku akiwaza wenzake watakavyomcheka akikikosea.

Ndiyo maana muda ni muhimu. Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima walimu wanasubiri kiasi gani baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza.

Jaribu mwenyewe kuhesabu kimyakimya mbele ya darasa: moja, mbili, tatu. Ni muda mrefu kweli, hasa mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiwa amekaa dawati la nyuma na kalamu yake.