Mnyama Aliyezoea Watu Si Mnyama wa Kufugwa

Kila inaposambaa picha ya mtu aliyempakata tumbili aliyevishwa nepi, au aliyejilaza ubavuni mwa duma, hakosi wa kusema: "Msiogope, huyo keshafugwa." Maneno hayo yamerudiwa mno hata yanapita bila kuhojiwa. Lakini si kweli, na tofauti inayofichwa hapo ndiyo inayowafikisha watu hospitali na wanyama kwenye minyororo.

Maana yenyewe ni fupi. Mnyama wa kufugwa ni yule ambaye ukoo wake, kizazi baada ya kizazi, umezalishwa mikononi mwa binadamu hadi silika na hata umbo vikabadilika: mbwa, ng'ombe, mbuzi, punda, kuku. Mnyama aliyezoea watu ni yeye peke yake, aliyepunguza woga kwa sababu ya malezi aliyoyapata. Kufugwa hurithiwa, kuzoea hakurithiwi. Mtoto wa tumbili aliyezoea watu huzaliwa tumbili wa porini kama alivyozaliwa bibi yake.

Hapo huja swali: kwani mbwa naye hakuanzia kwa mnyama wa porini? Alianzia huko, ndiyo. Ila safari ile haikuwa ya maisha ya mnyama mmoja. Huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, yalifukuliwa mabaki ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu wawili takriban miaka 14,000 iliyopita, na wakati huo tayari alikuwa mbwa. Nyuma yake kulikuwa na vizazi vingi vya wanyama ambao wakali zaidi na waoga zaidi hawakupata nafasi ya kuzaa karibu na watu.

Jambo hili limewahi kutazamwa likitokea. Mwaka 1959, mtaalamu wa jenetiki Dmitri Belyaev alianza jaribio huko Siberia kwa mbweha waliotoka kwenye mashamba ya manyoya, akisaidiwa na Lyudmila Trut, aliyeliendeleza kwa miaka mingi baada ya mwenzake kufariki mwaka 1985. Katika kila kizazi walichagua wachache tu, wale waliokuwa watulivu kuliko wenzao mbele ya mtu, wakawazalisha hao. Jambo la kushika ni kwamba mbweha hawakufunzwa, na watoto wao hawakulelewa kwa kupakatwa. Upole ulitakiwa utoke kwenye damu, usitoke kwenye malezi. Kufikia kizazi cha 6 walikuwapo watoto waliowakimbilia watu wakilialia na kuwalamba mikono. Baadaye wengine walizaliwa na masikio yaliyolegea na mikia iliyojikunja. Huko ndiko kufugwa: mnyama huzaliwa akiwa tayari nusu ya njia kuja kwako.

Sasa mlinganishe na duma. Kwa karne nyingi, wafalme wa India waliweka duma wa kuwindia, naye Akbar wa ukoo wa Mughal alikuwa nao wengi sana. Walifungwa vitambaa machoni, wakapakiwa kwenye mikokoteni hadi mawindoni, wakafunguliwa, wakakamata swala, kisha wakachukuliwa tena na mtunzaji. Ukiwaona ungeapa kwamba wamefugwa. Lakini hawakuwa wakizaana kifungoni. Jahangir, mwana wa Akbar, aliandika kuhusu duma waliozaa katika himaya yake kama ajabu. Karibu kila duma wa mfalme alikuwa amenaswa porini, na mafunzo yakaanza upya kwake. Ndovu wa Asia naye ametumikishwa kwa maelfu ya miaka, na bado wengi wametolewa msituni. Dume aliyebeba magogo kwa miaka kwa utiifu anapoingia kipindi cha ukali kiitwacho musti, homoni zikipanda mara nyingi kuliko kawaida, hata mtunzaji aliyemlea humkwepa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni punda na punda milia, kwa kuwa ni ndugu wa karibu. Punda alifugwa Afrika zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Punda milia hakufugwa kamwe. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyekusanya wanyama, aliwafunga punda milia kwenye gari lake akaliendesha jijini London hadi Buckingham Palace. Wapo wanaolitaja tukio hilo kuthibitisha kwamba punda milia hufugika. Linachothibitisha ni kwamba punda milia kadhaa walifunzwa kuvuta gari. Kufunzwa nako ni jambo la tatu kabisa, maana hata mnyama mwenye woga mwingi anaweza kufunzwa kitendo.

Kwa anayemlea tumbili, tofauti hii huja kudai deni lake mnyama anapobalehe. Akiwa mchanga hung'ang'ania nguo za mlezi kama ambavyo angeng'ang'ania manyoya ya mama yake. Akikomaa, meno ya chonge yakirefuka, huanza kutafuta cheo katika kundi, na kundi alilonalo ni familia ya mwenye nyumba. Aghalabu anayeumwa kwanza ni mtoto. Watu husema amegeuka. Hajageuka, amekua.

Kosa hili lina upande wa pili, nao huumiza watu wengi zaidi: kudhani kwamba kwa kuwa mbwa ni mnyama wa kufugwa, basi kila mbwa amezoea watu. Mbwa hurithi uwezo wa kuzoea, na uwezo huo una msimu wake, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri. Kwa paka msimu huo huanza na kuisha mapema zaidi. Mbwa aliyepitisha wiki hizo amefungiwa peke yake uani anaweza kumwogopa kila mgeni maisha yake yote. Mtazame kabla hujamshika. Kwanza hukakamaa. Hugeuza kichwa pembeni lakini macho hayakuachi, na weupe wa jicho huonekana kama mwezi mwandamo. Hulamba pua, hupiga miayo bila usingizi. Mkia unaweza kuwa unatikisika wakati huohuo, kwa hiyo usiutegemee. Mbwa wa namna hiyo usimwinamie wala usimpitishie mkono juu ya kichwa. Simama ubavu, mwache aje mwenyewe, na asipokuja mwache. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa jirani.

Basi tumbili wa kwenye picha tuseme amemzoea mlezi wake, kwa sasa, katika umri alio nao. Na mwenye mbwa anaposema "huyu ni wa kufugwa, mshike tu," ni haki kabisa kumuuliza kwa upole kama mbwa huyo amewahi kuzoeshwa wageni, na kusubiri jibu kabla ya kunyoosha mkono.