Kuandikwa huru: uhuru wa Mkristo ni nini hasa?

Mwulize Mkristo maana ya kuwa huru mbali na dhambi, na mara nyingi atakupa orodha: niliacha ulevi, niliacha uongo, nafunga, ibada sikosi. Mambo mema yote hayo. Ila Paulo alipowaandikia Wagalatia kuhusu uhuru, watu aliokuwa akiwaonya ndio hao waliokuwa wakirefusha orodha.

Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, inauweka mstari wa Wagalatia 5:1 hivi: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Siku hizi tukisikia "ungwana" tunafikiria adabu. Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Kongwa ni ule mti wa panda aliofungwa mateka shingoni. Na kumwandika mtumwa huru ilikuwa kazi ya bwana wake. Mtumwa mwenyewe angeamka mapema kuliko wenzake na kulima hadi usiku, akabaki mtumwa hodari tu. Kalamu haikuwa mkononi mwake.

Wagalatia walikuwa watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, waliomwamini Kristo. Wakaja walimu wakawaambia kwamba bila tohara na torati, yaani sheria ya Musa, imani yao haijatimia. Marabi walikuja kuzihesabu amri za torati hiyo, wakapata 613. Paulo hakuidharau, katika Warumi 7 anaiita takatifu. Tatizo analoliona ni kwamba amri hukuonyesha shimo bila kukupa mkono wa kukutoa. Tena amri "Usitamani" ilipomfikia, anasema, dhambi ndiyo ilipata nafasi ya kuamsha tamaa ndani yake. Aliyewahi kujikataza jambo kwa ubishi wake mwenyewe anajua linavyokaa kichwani kutwa nzima.

Basi mtu hutokaje? Yesu alijibu kwa kutaja nyumba. "Kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi," anasema katika Yohana 8, kisha anaongeza kwamba mtumwa hakai nyumbani siku zote, mwana hukaa siku zote, na Mwana akiwaweka huru mtakuwa huru kweli kweli. Kinachobadilika kwanza ni mahali pako katika nyumba hiyo. Mwenendo unafuata, na mara nyingi unafuata polepole.

Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 hunieleza jambo hili kuliko mahubiri mengi. Tunamtazama sana mdogo, yule aliyetapanya mali. Mimi humtazama kaka yake. Hakutoroka, hakulewa, na bado anamwambia baba: nimekutumikia miaka mingi hii, wala sijakosa amri yako. Hiyo ni lugha ya kibarua anayedai ujira. Alikuwa mtoto wa nyumbani kwa damu, akaishi kama mtu wa mkataba. Mdogo naye alirudi amejiandaa kuomba kazi, "nifanye kama mmoja wa watumishi wako", lakini alipofika mbele ya baba maneno hayo hayakutoka. Baba alikuwa ameshaagiza joho, pete na viatu.

Tuna methali isemayo mwungwana ni kitendo. Ni kweli kwa jinsi tunavyopimana sisi kwa sisi. Injili inaanzia upande wa pili: unafanywa mtoto, ndipo vitendo vinakua. Ndiyo maana Warumi 8 inazungumzia roho ya kufanywa wana ambayo kwa hiyo twalia "Aba, Baba", ikiiweka mbali na roho ya utumwa iletayo hofu. Hofu inaweza kumzuia mtu asiibe leo, hasa akijua anaonekana. Kumfanya achukie wizi haiwezi.

Hapa lazima mtu aulize: kumbe nifanye nipendavyo? Swali ni la zamani. Paulo mwenyewe analiuliza katika Warumi 6 na kulikataa papo hapo. Kwa Wagalatia anasema uhuru usiwe sababu ya kuufuata mwili, "bali tumikianeni kwa upendo." Ampendaye mtu hahitaji bango ukutani la kumkataza kumwumiza. Na kuomba, kufunga au kusoma Neno havifutwi. Mtu aliyekuwa akiomba ili asikataliwe sasa anaomba kwa kuwa ana wa kuzungumza naye.

Tofauti huonekana zaidi siku ya kuanguka. Mshika kanuni akikosea hujificha kwa muda, hukwepa maombi, akingoja apate wiki moja au mbili safi ndipo arudi na kitu mkononi. Mtoto hurudi jioni ileile akiwa bado na matope miguuni, aseme alichofanya, na asubuhi yuko mezani.