Je, wajua kwa nini nukta za grafu ya mtawanyiko haziunganishwi?

Mpe mtoto wa miaka 13 penseli na grafu ya mtawanyiko anayoiona kwa mara ya kwanza. Kabla hujamaliza kueleza, ameshashika rula na kuanza kuunganisha nukta kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka karatasi nzima imejaa mstari unaopanda na kushuka kama umechorwa na mlevi. Usimgombeze. Anafanya alichofundishwa tangu shule ya msingi.

Grafu alizozizoea ni za mstari: mvua ya Januari hadi Desemba, joto la mgonjwa asubuhi, mchana na jioni, bei ya sukari mwaka hadi mwaka. Huko kinafuatwa kitu kimoja kadiri muda unavyokwenda. Mgonjwa wa saa mbili ndiye yuleyule wa saa nane, na joto lake lilipitia mahali fulani katikati. Mstari unaounganisha vipimo hivyo viwili una maana.

Kwenye grafu ya mtawanyiko, kila nukta ni mtu mwingine au tukio jingine, lililopimwa mara mbili. Chukua darasa zima, pima urefu wa kila mwanafunzi na upana wa mikono yake akiinyoosha kama mbawa. Urefu unasomwa kwenye mhimili wa mlalo, mikono kwenye mhimili wa wima. Nukta hii ni Asha, ile ni Juma, na kati ya Asha na Juma hakuna njia inayopita. Wakitokea wawili wenye sentimita 152 sawasawa lakini mikono imepishana, nukta zao zitapangana wima, moja juu na nyingine chini yake, na mwenye rula atajikuta anachora mstari uliosimama wima. Hapo mwalimu anapata nafasi ya kuuliza: "Mstari huu ni nani?"

Mimi ningetumia kipindi kizima kwa swali hilo tu. Kila mtoto aje ubaoni aweke nukta yake, kisha mwalimu aguse nukta mojamoja na kuuliza ni ya nani, nani mrefu kumliko, nani ana mikono mirefu kuliko kimo chake. Maneno kama "uhusiano chanya", yaani kipimo kimoja kikipanda na kingine hupanda, yanaweza kusubiri. Nchini Marekani, viwango vya masomo vinavyoitwa Common Core, vilivyotolewa mwaka 2010, vinaiweka mada hii darasa la nane, na vinataka mwanafunzi aeleze makundi ya nukta, nukta zilizojitenga, na mwelekeo wa jumla. Atavielezaje kama hajui nukta moja ni kitu gani?

Baada ya hapo ndipo darasa lirudi nyuma hatua chache na kutazama wingu lote kwa pamoja. Mfano ninaoupenda kwa kazi hii unatoka hifadhi ya Yellowstone, Marekani, kwenye chemchemi ya maji moto iitwayo Old Faithful, ambayo hurusha maji angani mara kadhaa kwa siku. Kuna takwimu zake za miaka ya 1980, jozi 272, ambazo huja pamoja na programu ya takwimu iitwayo R. Kila jozi ni mlipuko mmoja: ulidumu dakika ngapi, na watu walingoja dakika ngapi hadi mlipuko uliofuata. Milipuko hiyo ilidumu kati ya dakika 1.6 na 5.1, na kungoja kulikuwa kati ya dakika 43 na 96.

Ukiziweka kwenye grafu, mambo mawili yanajitokeza bila kupiga hesabu yoyote. La kwanza, wingu linapanda: mlipuko mrefu hufuatwa na kungoja kurefu. La pili, wingu lenyewe ni mawili. Kuna kundi la chini kushoto, la milipuko ya kama dakika mbili na kungoja kwa kama dakika 55, na kundi la juu kulia, la dakika nne na zaidi na kungoja kwa kama dakika 80. Katikati pamebaki karibu patupu. Wastani wa kungoja ni kama dakika 71, na hiyo namba inaangukia karibu na pengo hilohilo! Mgeni aliyeambiwa wastani peke yake angepanga safari yake kwa muda ambao chemchemi huuchagua kwa nadra. Hakuna jedwali la namba 272 ambalo lingemwonyesha mtoto jambo hili.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Mlipuko mfupi huacha maji mengi ya moto ndani ya mifereji, kwa hiyo hayachukui muda kujaa na kuchemka tena. Mrefu humwaga karibu yote, na kazi inaanza upya. Ndiyo maana walinzi wa hifadhi hupima mlipuko mmoja ili kutabiri unaofuata, ingawa siku hizi vipindi vya kungoja vimerefuka kuliko vya wakati ule.

Sasa mstari unaruhusiwa, lakini mmoja tu na ulionyooka. Rula huficha nukta za chini yake, kwa hiyo wape watoto chelewa, ule ujiti wa ufagio wa makuti. Waulaze juu ya wingu, wausogeze mpaka waone nukta zimegawanyika juu na chini yake kwa kiasi cha kuridhisha. Wengi watang'ang'ania upite kwenye sifuri. Wengine watauanzisha kwenye nukta ya kwanza na kuumaliza kwenye ya mwisho, au watautaka uguse nukta nyingi kadiri iwezekanavyo. Waache wabishane. Kwa Old Faithful, mstari unaopatikana kwa hesabu husema kila dakika moja ya ziada ya mlipuko huongeza kama dakika 11 za kungoja. Mlipuko wa dakika nne? Ngoja kama dakika 76. Wa dakika kumi? Mstari utakujibu bila haya: kama dakika 141. Lakini hakuna mlipuko wa namna hiyo kwenye takwimu hizo, na mtoto anayelalamika kwamba swali ni la hila ameshaielewa grafu.

Kinachosahaulika zaidi ni nukta ambazo hazipo. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwamo walikufa. Baridi ya asubuhi ile ilikuwa imekakamaza mipira ya kuziba maungio ya roketi. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, walionya kuhusu baridi hiyo, lakini mjadala ulitazama safari za nyuma ambazo mipira yake ilikuwa imeathirika. Safari hizo zilikuwa saba, nyingine za siku za baridi, nyingine za siku za joto, na kwa nukta saba pekee huoni mwelekeo wowote. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na William Rogers ilirudisha kwenye grafu safari zilizokuwa salama. Picha ikabadilika: safari zote nne za nyuzi 17 za Selsiasi au chini ya hapo zilikuwa na athari, wakati katika safari 20 za nyuzi 19 na kuendelea, ni tatu tu. Grafu hizo mbili zinafaa kubandikwa ukutani pamoja, ya nukta saba kwanza.

Na darasa likishaweza yote hayo, liletewe grafu ya saizi za viatu na uwezo wa kusoma kwa watoto wa shule nzima, darasa la kwanza hadi la saba. Wingu litapanda vizuri kabisa. Mwalimu anyamaze, asubiri aone ni nani wa kwanza kuuliza umri wa wenye viatu.