Desibeli si kilo ya kelele

Katika mabishano ya wakazi na wenye kumbi za muziki nimesikia mara nyingi mno mtu akiinua simu yake na kutangaza kwamba kelele imefika "desibeli 80, mara mbili ya 40 zinazoruhusiwa". Hesabu hiyo si sahihi, na kosa lake linatokana na kuidhania desibeli kuwa ni kiasi, kama kilo au lita.

Desibeli hueleza uwiano kati ya sauti inayopimwa na sauti ya marejeo, ambayo hewani ni mgandamizo wa mikropaskali 20, karibu na sauti ndogo kabisa ambayo mtu mwenye masikio mazima anaweza kuisikia.

Neno lenyewe lilizaliwa kwenye waya wa simu. Wahandisi wa shirika la simu la Bell, Marekani, walikuwa wakieleza upotevu wa ishara kwa maili za waya wa kawaida, hadi katika miaka ya 1920 walipobuni kipimo cha logariti, yaani kinachopanda hatua moja kila kiasi kinapozidishwa kwa namba ileile, ambacho mwaka 1928 kilipewa jina la desibeli, yaani sehemu ya kumi ya beli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Ndiyo sababu kifupisho chake, dB, kina B kubwa. Logariti iliwafaa kwa kuwa waya ukiunganishwa na mwingine, hasara zinajumlishwa badala ya kuzidishwa. Urahisi huo wa wahandisi ndio unaotupoteza sisi: kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara 10, hivyo kutoka 40 hadi 80 ni mara 10,000. Jenereta mbili zinazofanana, kila moja ikitoa desibeli 70 mahali uliposimama, zikiwaka pamoja hutoa 73, wala si 140.

Hata namba ikisomwa vizuri, haitoshi. Kipima sauti hupitisha sauti kwenye kichujio kabla ya kuonyesha jibu. Kichujio A, kinachoiga sikio, hupunguza besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa desibeli 30 hivi, ilhali kichujio C huipunguza kwa desibeli 1 tu na kidogo. Muziki uleule, ukutani palepale, hutoa majibu mawili yaliyoachana sana. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 61672 kimeainisha vichujio, kasi ya kujibu, na madaraja mawili ya usahihi, na mpimaji makini hukihakiki chombo chake kwa kifaa kinachotoa sauti inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94 kwenye hezi 1,000, kabla ya kupima na baada yake.

Jirani mwenye simu hakukosea kulalamika, na huenda kelele ilikuwa imevuka mpaka kweli. Ila badala ya "mara mbili", aseme imezidi kwa desibeli 40, kisha ataje kichujio alichotumia, muda aliopima, mahali aliposimama, na kama chombo kilihakikiwa.