Kucheua si kutapika

"Anacheua tu." Nimeyasikia tena maneno hayo, safari hii juu ya mtoto wa wiki tano aliyerudisha maziwa kila baada ya kunyonya, akalia kutaka kunyonya tena, huku nepi yake ikishinda kavu tangu asubuhi.

Mtoto kama huyo huenda ana stenosisi ya pilorasi, yaani kufinyika kwa njia inayopitisha chakula kutoka tumboni kwenda utumbo mwembamba, baada ya msuli unaoizunguka kunenepa katika wiki za mwanzo za maisha. Pilorasi ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake mlinzi wa lango, na stenosisi limetokana na neno la lugha hiyo hiyo lenye maana ya wembamba. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja kutapika, sembuse kutapika kwa kurusha mbali. Kwa hiyo inanisikitisha kuona ule mruko wa matapishi ukifanywa ndio ugonjwa wenyewe, na asiyeurusha akahesabiwa mzima. Mtoto njiti aweza kutapika kwa upole. Mwingine huanza kuchelewa, akiwa amekwisha kupita miezi miwili. Mwingine matapishi yake huwa na michirizi ya kahawia, ambayo ni damu ya utando wa tumbo uliochubuka. Na wachache huwa na macho ya manjano.

Kiswahili chetu kimeyatenganisha mambo haya vizuri. Kubeua ni kutoa hewa. Kucheua ni maziwa kurudi yenyewe bila jitihada, na mtoto anayecheua kwa kawaida huendelea kunenepa. Kutapika ni tumbo kusukuma, nalo tumbo lililofungiwa lango husukuma hata pale ambapo maziwa hayafiki mbali. Matapishi hayo hayana nyongo, kwa kuwa nyongo humwagika chini ya lango. Yakiwa ya kijani, kizuizi kiko mbele zaidi, huenda utumbo umejisokota, na hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Basi tukiambiwa mtoto anacheua, tuulize kwanza nepi ililoa lini mara ya mwisho na uzito wake umeongezeka au umepungua. Shaka ikibaki, ultrasaundi huupima msuli wenyewe, na unene wa milimita 3 au zaidi huashiria kwamba mtoto huyo hacheui.