Sikukuu za Disemba ufukweni: kwanza hesabu mwezi, kisha panga saa

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanga saa za shughuli zinazofanyika kando ya bahari: karamu za mchangani, mashindano ya ngalawa, safari za kwenda kwenye mafungu ya mchanga yanayojitokeza baharini maji yakipwa, na mikesha ya kuukaribisha mwaka mpya. Kila ifikapo Disemba, wenye hoteli na kamati za sherehe huniuliza kwanza habari za mvua. Ni swali la haki, kwa kuwa vuli inaweza kujikokota hadi katikati ya mwezi huo. Hata hivyo, mvua ikinyesha huonekana ikija, na watu hupata nafasi ya kukimbilia barazani. Swali ambalo ningependa kuulizwa ni lile ambalo mvuvi yeyote mzee wa pwani hii huanza nalo kabla hajashusha chombo: leo mwezi una siku ngapi?

Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ina maji yanayojaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kidogo. Mwezi unapoandama na unapopevuka, mvuto wake na mvuto wa jua huelekea mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua huukata ule wa mwezi, na tunapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika bandari kama Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, tofauti ya urefu kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, ilhali wakati wa maji mafu huweza kupungua hadi kiasi cha mita 1. Ni nchi chache za bahari ya joto zenye maji yanayotembea kiasi hicho, na jina lenyewe la pwani, mahali panapopwa, limetokana na mwendo huo.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi, na hata wenyeji waliolelewa mbali na bahari, hawalijui, nami huliona kuwa ndilo lenye manufaa kuliko yote katika kazi hii. Bamvua la mwezi wowote, wa mwaka wowote, hujaa na kupwa karibu saa zile zile. Hapa kwetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Sababu ni kwamba katika siku za bamvua, mwezi na jua huwa wamerudi katika mkao ule ule, na saa zetu huhesabiwa kwa jua. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mpangilio hugeuka: maji mafu hujaa karibu na saa 4 na hupwa karibu na saa 10. Anayejua umri wa mwezi anaweza kukadiria saa za maji akiwa amekaa sebuleni kwake, bila jedwali na bila simu.

Hapo ndipo sikukuu zinapotofautiana. Sikukuu zinazofuata mwezi huja na maji yake. Idi ndogo huangukia mwezi mosi mfunguo mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo daima huwa siku za bamvua, na watoto wanaoteremka ufukweni na nguo zao mpya baada ya chakula cha mchana hukuta bahari inapanda kuelekea kujaa alasiri. Idi kubwa, mwezi kumi mfunguo tatu, yaani siku ya kumi ya mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, huangukia karibu na maji mafu, na upwa hubaki na upana wa wastani kwa siku nzima. Wazazi wa mitaa ya kale ya Mombasa, Lamu na Unguja wana mazoea haya mwilini, ingawa wengi wao hawajawahi kuyasoma popote. Krismasi na mwaka mpya, kwa upande mwingine, hufuata jua, na umri wa mwezi katika tarehe hizo husogea kwa siku 11 hivi kila mwaka. (Hata Nairuzi, ambayo watu wa Makunduchi huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, ni hesabu ya jua, nayo haiji na maji ya namna moja.) Kwa hiyo mtu anayepanga mkesha wa mwaka huu kwa kukumbuka jinsi ufukwe ulivyokuwa mwaka jana anatumia kumbukumbu ya maji mengine kabisa.

Nililipata funzo hilo kwa uchungu usiku wa tarehe 31 Disemba 2024. Hoteli moja ya pwani ya kusini ilikuwa imeniomba saa za maji kwa ajili ya mkesha wake, nami niliwapelekea: mwezi ulikuwa umetoka tu kuandama, bamvua, maji kupwa baada ya saa 4 usiku, kujaa kuelekea saa 11 alfajiri. Nilifika jioni na kuikuta kamati ikisubiri maji yatoke. Kufikia saa 3 usiku mchanga ulikuwa mpana na mgumu kama uwanja wa mpira, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, meza ziliongezwa safu baada ya safu kuelekea baharini, na jukwaa la muziki likashushwa ili liwe karibu nazo. Nilisema kwamba maji yatarudi. Nilijibiwa kwamba yatarudi alfajiri, watu wakiwa wamekwenda kulala, na jibu hilo lilitoka katika karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe.

Saa 6 usiku, watu walipohesabu sekunde za mwisho na kukumbatiana, bahari ilikuwa bado mbali na hakuna aliyeifikiria. Ilipofika saa 7 na nusu, safu ya mbele ilianza kusikia ubaridi miguuni. Saa 8 na nusu maji yalikuwa chini ya jukwaa, na nyaya za umeme zilizolazwa mchangani kutoka kwenye jenereta zilikuwa zimefunikwa na povu huku watoto wakicheza ndani yake wakiwa peku. Fundi wa umeme alikimbia kuzima kila kitu. Hakuna aliyeumia, lakini mpaka leo nikikoseshwa usingizi na joto la Disemba huiona ile waya nyeusi ikielea na kuzama kwa mwendo wa wimbi.

Kosa langu lilikuwa kuwapa saa mbili tu, ya kupwa na ya kujaa, kana kwamba bahari husubiri saa ya pili ndipo ije. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa upandaji wote mafungu 12: katika saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Katika bamvua la karibu mita 4, hiyo maana yake ni kwamba saa ya tatu na ya nne peke yake huleta mita 2 za maji kwa kwenda juu, na kwenye upwa wenye mteremko mdogo, mita 1 ya kwenda juu inaweza kuwa mita 20 au zaidi za kusogea kuelekea meza zako. Ile karatasi ilipaswa kuonyesha saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu usiku kuwa ndizo saa za bahari kukimbia. Tangu siku hiyo, kila mpango ninaoutoa una saa hizo mbili za kati zimeandikwa kwa wino mzito, na simpi mtu mpango kabla sijashuka mwenyewe kutembea mchangani.

Kutembea huko kuna mengi ya kusoma. Kila maji yanapojaa huacha mstari wa mwani, majani makavu na vijiti mahali yalipofika. Ukikuta mistari kadhaa iliyopangana, mmoja chini ya mwingine, bila shaka bahari inaelekea maji mafu, kwa kuwa kila kujaa kumefika chini ya kule kulikotangulia na kumeuacha mstari wa zamani bila kuugusa. Ukikuta mstari mmoja tu, tena ukiwa na unyevu, tahadhari: maji yanakua, na kila kujaa kunaufuta mstari wa jana na kuusogeza juu zaidi. Mstari wa juu kabisa, uliokauka na kuanza kuchanganyika na mchanga laini karibu na mizizi ya miti, ndio mpaka wa bamvua lililopita. Meza, jukwaa, jenereta na nyaya zote hukaa juu ya mstari huo. Jedwali la maji, kama lile la bandari ya Kilindini linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, hutaja urefu kutoka kipimo cha chini cha ramani za bahari, wala halijui mteremko wa ufukwe wako, tena halihesabu wimbi linalosukumwa na upepo wa Kaskazi ambao kufikia mwishoni mwa Disemba huwa umeshika. Kijiti nilichokichomeka mwenyewe kwenye mstari mkavu hunipa jibu la ufukwe ule hasa.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ya Disemba ya mwaka 2026. Mwezi utapevuka alfajiri ya tarehe 24, na utakuwa karibu na dunia kuliko miezi mipevu mingine yote ya mwaka huo, hivyo Krismasi itaangukia bamvua lenye nguvu. Siku hiyo maji yatapwa kati ya saa 4 na nusu na saa 5 asubuhi, kisha yatajaa kwenye saa 11 jioni. Asubuhi mwamba utakuwa nje, na familia nyingi zitatembea mbali kwenda kutazama viumbe vya vidimbwini. Hatari yake ni kwamba kati ya mwamba na ufukwe kuna bonde, na maji yanaporudi hupitia milangoni, yaani kwenye mapengo ya mwamba, na kulijaza bonde hilo kwanza, nyuma ya mgongo wa mtu aliye juu ya mwamba mkavu akidhani bado ana muda. Saa ya maji kupwa kabisa ndiyo saa ya kugeuka na kurudi. Anayetaka kuona mengi na aondoke ufukweni saa mbili kabla yake, ayafuate maji yanapotoka.

Alasiri umati utakuja baada ya chakula, na ufukwe utakuwa ukipungua kadiri watu wanavyoongezeka. Kwenye fukwe zenye kuta za mawe, watoto watajikuta wamebanwa kati ya ukuta na wimbi. Kwa waokoaji, hata hivyo, saa ninazozihofia zaidi ni zile baada ya hapo. Jua huzama karibu saa 12 na nusu, maji yakiwa tayari yameanza kutoka, na saa mbili za mwendo mkali, ambazo mkondo wa mlangoni huvuta kwa nguvu zote, zitaangukia kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Ningewaomba wanaosimamia fukwe za umma wafunge kuogelea kabla ya magharibi siku hiyo na siku mbili zinazofuata, na wasiwaachie waokoaji waende nyumbani jua likizama.

Mashindano ya ngalawa, kwa siku hizo hizo, yawekwe kuanzia saa 8 mchana. Ukiyaweka asubuhi, vyombo vitakuwa vimelala ubavu juu ya mchanga, na mashabiki watatazama milingoti isiyokwenda popote. Safari za mafungu, kama za Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni kinyume chake: ziondoke asubuhi, na nahodha awe na neno la mwisho kuhusu saa ya kurudi, kwa kuwa fungu humezwa.

Wiki moja baadaye kila kitu kitakuwa kimegeuka. Usiku wa tarehe 31 Disemba 2026 mwezi utakuwa umekatika nusu, maji mafu, na bahari itajaa kiasi kuelekea saa 4 au saa 5 usiku, kisha itashuka polepole. Mwenye hoteli atakayechungulia saa 3 usiku ataona ukanda mwembamba wa mchanga na huenda akaingiwa na hofu, lakini ule mwembamba ni wa kuaminika zaidi kuliko uwanja mpana wa mwaka 2024, kwa kuwa maji yatakuwa yamekaribia kikomo chake na yatabaki chini sana ya mstari wa bamvua la Krismasi. Mstari huo utakuwa bado mbichi machoni, wiki moja tu baada ya kuchorwa. Nitashuka mchana wa tarehe 27, maji ya mwisho makubwa yakiwa yamepita, nichomeke vijiti vyangu juu yake kutoka upande mmoja wa ufukwe hadi mwingine, na fundi wa umeme atakuwa pamoja nami.